Duka la hempu Lake Street, Minnesota (Marekani), goti la mama na kazi yangu ya trela (nyota 4 kati ya 5)

Nianze na mlangoni kabisa maana pale ndo nilijua hawa watu hawatanii. Kabla hujaona hata bidhaa moja kuna kijana kakaa kwenye stuli na kimashine chake cha kusomea ID, kila anayeingia anaonyesha, una mvi huna mvi. Mama yangu ana miaka 71, kaja Desemba kutoka Tanga kuona wajukuu, kavaa koti langu la baridi linamfika visigino, nikamtolea pasipoti, kimashine kikagoma kuisoma, kijana ikabidi aanze kupiga hesabu ya mwaka wa kuzaliwa kichwani. Mama akanigeukia, "Baba, hapa umenileta hospitali au polisi?" Nikamwambia dukani mama. "Duka la nini?"

Hapo sasa.

Hempu ukifungua kamusi unapewa "katani". Mama yangu mzaliwa wa Muheza, babu alikata mkonge mpaka mgongo ukapinda, ukimtajia katani yeye anaona kamba, magunia na kelele za korona (korona ile mashine ya kuchakatia mkonge jamani, sio ugonjwa), akaniuliza toka lini katani ikapakwa gotini. Nikisema bangi najua tunageuza pale pale. Mwisho nikamwambia mama, huyu ni binamu yake bangi, yule aliyelelewa madrasa. Akacheka, tukaingia.

Dada wa kaunta hakuwa na haraka na ndo sababu kubwa ya nyota nilizowapa. Alimuuliza mama goti limeanza lini kuuma, anatumia dawa gani za presha, mi natafsiri, alafu akasema kitu ambacho sijawahi kusikia muuzaji anasema, kwamba yeye haruhusiwi kumwambia hii inatibu. Akaeleza kwamba dawa ya CBD (kile kitu cha kwenye hempu kisicholewesha) iliyopitishwa na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ni moja tu, Epidiolex, toka 2018, na ni ya kifafa cha aina chache, sio ya magoti, kwahiyo hivi vingine vyote kwenye shelfu ni vitu vya kupaka na kunywa, ukipata nafuu alhamdulillahi. Nikamuuliza sasa mbona sheli ya karibu na kwangu wameandika kwenye kioo inatibu wasiwasi, kisukari na mgongo, akacheka tu.

Alafu akamuelezea mama tofauti ya hempu na bangi vizuri kuliko mi nilivyojaribu na madrasa yangu. Mmea ni mmoja. Sheria ya kilimo ya serikali kuu ya Desemba 2018 ndo ilikata mstari, ukiwa na THC (delta-9, ile inayolewesha) isiyozidi asilimia 0.3 ya uzito mkavu unaitwa hempu, ni zao la shamba kama mahindi, ukizidi hapo ni bangi na serikali kuu inaihesabu dawa ya kulevya hata kama jimbo lako limeiruhusu. Mama akauliza na nani anapima. Dada akageuza kopo la dawa ya kuchua akaskani ile QR ya nyuma, ikaja karatasi ya maabara na namba ya bechi ile ile iliyoko kwenye kopo, akatusomea mstari kwa mstari. Mi mwenyewe nimekaa Minnesota miaka tisa nilikuwa sijawahi kuskani hata moja.

Sasa ikaja zamu yangu. Mgongo wangu wanaoendesha semi wanaujua, masaa kumi na moja kwenye siti, nikamwambia dada na mimi nipe mafuta ya matone ya kuweka chini ya ulimi, yale ya full spectrum, yanauzwa dola 54. Akaniuliza unafanya kazi gani. Nikasema dereva, nina CDL, leseni ya malori makubwa. Akayarudisha kwenye shelfu. Akasema siwezi kukuzuia, wewe mtu mzima, ila soma hii kwanza, akanipa karatasi iliyopigwa kopi, ni tangazo la wizara ya uchukuzi la Februari 2020, kwa kifupi wanasema sisi tunapima THC hatupimi CBD, na mkojo ukisoma bangi, kusema "nilitumia CBD tu" sio utetezi. Full spectrum maana yake kale ka-THC kadogo kamo humo humo, ukinywa kila siku kanajikusanya.

Na mi hii kitu naijua, nilijisahaulisha tu. Kuna jamaa yetu, tulikuwa tunapokezana lodi za Fargo, alinunua kichupa sheli moja nje ya mji kimeandikwa hakina THC kabisa, akakamatwa kwenye kipimo cha ghafla. Toka Novemba 2024 ukiandikwa vibaya kwenye Clearinghouse, ile daftari ya serikali kuu ya vipimo vya madereva, jimbo linakushusha leseni kabisa mpaka umalize programu ya kurudi kazini, kwahiyo jamaa kwa miezi anaosha magari, kwa kichupa cha dola ishirini. Dada wa kaunta hajui habari zake lakini aliacha dola 54 zangu zikarudi mfukoni, na duka lake siku hiyo lilikuwa na wateja watatu tukiwemo sisi wawili.

Tukachukua dawa ya kuchua ya mama tu, kopo la gramu 50, dola 38. Ghali? Ghali. Kwa bei hiyo Tanga unachuliwa goti na mtu na chai juu. Ina menthol nyingi, ukifungua jikoni watoto wanapiga chafya sebuleni, na kwa ukweli wa Mungu sijui kama iliyomsaidia ni CBD au ni ile menthol na mkono wa mke wangu anayemchua kila usiku dakika kumi. Wiki ya pili mama alikuwa anashuka ngazi za besmenti bila kushika ukuta. Naandika nilichokiona, msije mkaniuliza mimi kama daktari.

Kama maumivu ni makubwa kweli dada alisema kuna programu ya jimbo ya bangi ya matibabu, inauza toka 2015, mwanzo ilikuwa vidonge na mafuta tu, ya majani hawakuruhusu mpaka Machi 2022, ila lazima uwe mkazi na mhudumu wa afya akuthibitishe, mama mgeni ndo hivyo.

Kwenye friji sasa ndo kuna kituko. Friji nzima imejaa vinywaji vya kopo vya THC ya hempu, miligramu 5, vingine 10, vina rangi kama soda za watoto (hii sijaipenda). Minnesota iliruhusu hivi vitu Julai 2022, miligramu 5 kwa kipimo kimoja na 50 kwa pakiti ya pipi, wenye miaka 21 kwenda juu, na kuna seneta wa kamati iliyopitisha alikuja kusema hakuelewa kwamba wameruhusu kitu cha kulewesha. Bangi yenyewe ikaja baadae, 1 Agosti 2023, na siku hiyo hiyo wenyeji asilia wa Marekani wa Red Lake wakafungua duka kwenye ardhi yao. Oktoba 2025 hata Target wakaanza kuweka hivyo vikopo kwenye baadhi ya maduka yao ya hapa. Kodi yake imepanda Julai 2025 kutoka asilimia 10 mpaka 15, angalia risiti yako.

Kwahiyo ukiingia leo unaona biashara imetulia. Haijatulia. Tarehe 12 Novemba 2025, kwenye ule muswada uliomaliza serikali kuu kufungwa kwa kukosa bajeti, Kongresi walichomeka kipengele cha hempu, sasa inahesabiwa THC yote sio delta-9 peke yake, na bidhaa ya mlaji isizidi miligramu 0.4 kwa kopo zima. Kopo zima! Kile cha miligramu 5 kimezidi mara kumi na mbili na nusu. Walitoa mwaka mmoja. Aliyeisukuma sana ni seneta McConnell wa Kentucky, yule yule aliyeifungulia hempu mlango 2018, anasema watu walitumia mwanya. Dada anasema sio vikopo tu, hata yale mafuta ya full spectrum mengi hayapiti, maana ukichukua gramu 30 za mafuta kwa asilimia 0.3 ya zamani unaweza kufika miligramu 90. Ile ya kuchua ya mama haina shida, imetengenezwa na CBD tupu iliyochujwa, karatasi ya maabara inasema THC haikuonekana.

Na hapa ndo nawanyima nyota moja. Kwenye kaunta wana karatasi ya madereva, wana karatasi ya wajawazito, ya wahamiaji hawana. Lake Street! Nusu ya mtaa ni sisi, Wasomali, Wameksiko. Watu wa uhamiaji walitoa mwongozo Aprili 2019 kwamba bangi, hata ukiwa jimbo lililoiruhusu, inaweza kukuharibia sifa ya tabia njema ukiomba uraia, na hata kufanya kazi kwenye hiyo biashara. Leo kikopo cha hempu kiko upande wa halali, lakini muda wa mwaka ukiisha kikopo kile kile, kiwanda kile kile, kwa macho ya serikali kuu kinageuka bangi, na mtu mwenye grin kadi aliyekizoea atakuwa bado anakipiga kila Ijumaa bila habari. Nilimwambia dada, akasema hakuwahi kulifikiria, akaandika kwenye kikaratasi. Tutaona kama watabandika.

Mengine madogo. Paking ni ya kubahatisha, ukienda na theluji utazunguka mara tatu. Bidhaa iliyofunguliwa hawarudishi. Muziki juu mno, mama aliomba wapunguze wakapunguza. Jumamosi mchana usiende, foleni inatoka nje.

Mama aliondoka wiki iliyopita na kopo alikuwa kalifunga kwenye kanga katikati ya begi, nusu limebaki. Nikalitoa. Tukabishana uwanjani hapa nyumbani kabla ya kupakia gari, ananiambia si umesema kalelewa madrasa huyu, nikamwambia mama, Dar pale uwanja wa ndege wa Julius Nyerere DCEA, wale wa dawa za kulevya, hawatakaa na wewe kuhesabu asilimia, wataona picha ya jani kwenye kopo na yatakuwa mengine. Akanuna mpaka Amsterdam. Jana kapiga simu, kafika salama, watoto wote wamemsalimia, mvua imenyesha, alafu kabla hajakata akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, ile katani yangu mmeiweka wapi?"

Iko kwenye droo ya jikoni. Mi sijaigusa, nina kipimo muda wowote.