Swichi ndogo kwenye ampu ya valvu: isikilizeni hii!

Asalaam aleikum jamani, karibuni tena, hapa ni Ngamiani, Tanga, na leo nina furaha ambayo hata usingizi wa jana umeniruka. Mnaiona hii? Ampu ya gitaa, yaani kikuza sauti, ya valvu, zile taa za kioo zinazokuza umeme wa sauti, wati 5, imejengwa kwa mchoro wa Fender Champ 5F1, ampu ndogo ya Kimarekani, ule wa miaka ya 1950. Valvu tatu, spika moja ya inchi 8. Hayo mnayajua, nayapita. Leo nataka tukae hapa nyuma, kwenye hii swichi. Hii hapa, kubwa kama punje ya hindi.

Sikilizeni kwanza ikiwa imezimwa… Sawa. Sasa nawasha… Mmesikia? Subirini, narudia, solo lile lile, mkono ule ule. Zima… Washa… Sauti haijalipuka. Imesogea hatua moja mbele, kama mwimbaji aliyekaribia maiki. Jamani, hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta!

Nimefanyaje? Valvu ya kwanza, aina ya 12AX7, kathodi yake, yaani mguu unaotoa elektroni, imekaa juu ya rezista, kizuizi cha umeme, ya omu 1,500. Ukipiga uzi, kathodi nayo inapanda na kushuka ikiifuata gridi, mguu unaopokea sauti ya gitaa, kwa hiyo valvu inajibana yenyewe. Ukiweka kapasita, kifaa kinachotunza chaji na kupitisha mtikisiko, ya mikrofaradi 25 sambamba na ile rezista, ule mtikisiko unashukia ardhini na valvu inafunguka. Geini, yaani kiasi cha ukuzaji, inakaribia kuwa mara mbili; kwa kipimo cha sauti, desibeli 6 kasoro kidogo.

Wengi wanaishia hapo, na mimi niliishia hapo wiki nzima. Siku mbili nilifurahi, siku ya tatu nikachoka. Sauti inakwaruza mapema mno! Kwa mtu wa roki, sawa, aiache hivyo. Lakini huu ndio mji uliotoa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, mji wa kikundi cha Black Star waliotia gitaa la umeme kwenye taarabu. Masikio yetu yamelelewa na gitaa safi, linalotamka kila nota. Basi nikaongeza rezista ya kilo-omu 1 mfululizo na kapasita. Desibeli 6 zikashuka zikawa kama 3. Hapo ndipo utamu ulipo. Ukitaka zaidi, weka omu 470, utapata kama 4.

Sasa sogezeni macho hapa, kamera naileta karibu. Mnaona rezista hii nyembamba iliyolala juu ya miguu miwili ya swichi? Ni mega-omu 1. Mara ya kwanza sikuiweka, nikiwasha swichi spika inapiga “pu!”, na nilikuwa na wageni sebuleni, wote wakageuka. Sababu ni kwamba swichi ikiwa wazi kapasita haina chaji, ukiifunga inajijaza kwa ghafla. Hii mega moja inaiacha imejaa muda wote, na kwa sauti haibadilishi chochote unachoweza kusikia. Sikilizeni: washa, zima, washa, zima. Kimya! Rezista ya bei ya pipi.

Vijana, nisikilizeni vizuri hapa. Ndani ya ampu hii kuna zaidi ya volti 300, na kapasita kubwa za umeme zinaweza kubaki na chaji hata ukishachomoa waya ukutani. Pima kwa mita, zitoe chaji kupitia rezista, pima tena. Mjomba wangu, fundi redio wa zamani, alinifundisha mkono mmoja ukae mfukoni. Na kama ampu yako imetoka Marekani, angalia transfoma kabla hujaichomeka. Kule umeme ni volti 120, hapa kwetu 230. Utaiunguza.

Kuna atakayesema, si ununue pedali tu, ile ya kukanyaga kupandisha sauti? Ninayo, ipo pale kwenye rafu. Inakula betri, jeki yake imeshaliwa na chumvi ya bahari, na ilinigharimu mara kumi na zaidi ya vitu hivi. Kapasita, rezista mbili na swichi, nimelipa elfu saba. Ila pedali inanishinda jambo moja, nayo naikubali: unaikanyaga. Hii yangu iko nyuma, katikati ya wimbo inabidi nijipinde. Kwa hiyo video ijayo nitafunga rilei, swichi inayoendeshwa kwa umeme, karibu kabisa na valvu niiendeshe kwa mguu, maana waya mrefu wa kathodi utaleta mngurumo. Na kuanzia mwezi ujao video zetu zinahamia Jumamosi jioni, wengi mmeniomba, nimekubali.

Haya, napiga tena solo zima. Safari hii siwaambii nimewasha lini. Ukisikia mahali ilipopanda, niandikie dakika na sekunde hapo chini.