Picha ya fremu kutoka Tabora kwenda Dar: uifunge na nini, uitume kwa usafiri gani

Ndugu zangu mnaotuma picha za fremu kutoka hapa Tabora, mwaka jana nilituma picha ya marehemu baba kwa mama mdogo Dar, fremu ya mninga nzuri kabisa, nikaizungushia blanketi na kamba nikaona imetosha, ilivofika kioo kimekuwa chenga na zile chenga zimesugua picha njia nzima, kuna mkwaruzo umeanzia jichoni mpaka kidevuni na nakala nyingine hatuna. Inaniuma mpaka leo.

Kabla hujanunua chochote, jua hili: kioo kisisafiri. Kioo cha milimita 3 kina kilo 7 na nusu kila mita moja ya mraba, yani picha ya sentimita 50 kwa 70 inabeba kilo 2 na nusu za kioo tupu, na kioo kama hicho fundi vioo yeyote Dar anakukatia. Geuza fremu, ng'oa vimisumari vya nyuma kwa koleo, toa kioo, rudisha picha na hadibodi yake, ule ubao mwembamba wa nyuma, mbele weka kadibodi safi. Ila kama ni picha ya zamani ya studio imeshagandana na kioo USIIVUTE, sura itabaki kwenye kioo. Hiyo iache ilivyo, bandika masking tepu juu ya kioo, msalaba na mistari ya kutosha. Haizuii kuvunjika, ila vipande vinabaki vimeshikana havikwaruzi.

Sasa vya kufungia. Namba moja kwangu ni boksi la TV flati, uliza maduka ya vifaa vya umeme mjini, wengine wanakupa bure wengine wanataka hela kidogo, na ukibahatika linakuja na yale maboya meupe ya pembeni yanayokinga TV. La inchi 43 linaingia picha ya 50 kwa 70 na nafasi inabaki pande zote. Hiyo nafasi ndo inayookoa picha, ijaze sponji, nenda kwa fundi sofa umwombe makapi ya godoro, pembe nne za fremu zipate sponji nene kuliko sehemu nyingine maana fremu ikidondoka inatua kwa pembe. Halafu shika boksi ulitikise, ukisikia kitu kinacheza ndani fungua uongeze.

Namba mbili ni kadibodi mbili za boksi la kawaida, picha katikati, mistari ya kadibodi moja ilale na ya nyingine isimame ili isikunjike. Namba tatu kreti ya plaiwudi, salama kuliko zote lakini ni gharama na ni nzito, hiyo kwa picha kubwa au kioo kisichotoka. Nailoni ya vipovu peke yake naiweka mwisho, na kama ni mchoro wa rangi ya mafuta vipovu visiguse rangi kabisa vinaacha alama, tanguliza karatasi laini safi. Gazeti hapana, wino unahamia. Wakati wa masika nje kabisa zungusha nailoni, maboksi yanashushwa kwenye matope.

Usafiri: basi naliweka nafasi ya kwanza, linafika haraka na unaongea na anayepakia uso kwa uso. Mwombe picha ISIMAME kwa ubavu, isilazwe, ikilazwa buti lote la magunia linakaa juu yake, na isikae karibu na injini. Treni naiweka ya pili, ni nzuri kwa kreti na vitu vizito, ila mzigo unashikwa na mikono mingi. Posta pia inafaa kwa picha ndogo, uliza kipimo cha juu kabla hujafunga. Ndege usiikimbilie kwa kuona mzigo ni mwepesi, wengi wanapiga urefu mara upana mara kimo wanagawa kwa 6,000, boksi la sentimita 100 kwa 65 kwa 13 linahesabiwa kilo 14 hata kama ndani kuna kilo 4.

Piga picha kila hatua ya kufunga, kwenye risiti waandike "picha ya fremu" sio "mzigo", na anayepokea afungue palepale kabla hajasaini.