Last Week Tonight ya John Oliver: uzoefu wangu nikiwa mtazamaji wa Dar

Nianze na kasoro, maana sifa zake wengi mmeshazisikia. Last Week Tonight ni kipindi cha kejeli cha televisheni ya Marekani, na vichekesho vya mtangazaji wake, John Oliver, vingi havivuki bahari. Akitaka kumsema mwanasiasa fulani atamfananisha na mwigizaji wa tamthilia ya Kimarekani ya zamani ambaye mimi na wewe hatujawahi kumwona, watu studio nzima wanaangua kicheko, na wewe umekaa tu na simu yako mkononi. Ukikitazama kwa muda unaujua mtindo wake: habari nzito, mfano wa ajabu ajabu, tusi, halafu anaanza upya. Na matusi yapo kweli, tena ya nguoni. Usikiweke sebuleni mama mkwe akiwa amekuja kusalimia.

Hata hivyo sijaacha kukitazama, na sababu ni ile mada kuu ya kila wiki. Vipindi vingi vya kejeli za usiku kule Marekani hurushwa karibu kila siku, kwa hiyo vinakimbizana na habari: rais kasema hivi, seneta kajikwaa pale, tucheke, tukalale. Oliver mwenyewe alitokea huko. Ni Mwingereza aliyekuwa ripota wa utani kwenye The Daily Show ya Jon Stewart, na mwaka 2013 alimshikia bosi wake kiti kwa muda. Alipopewa kipindi chake HBO, kituo cha televisheni cha kulipia cha Marekani, Aprili 2014, akawa anatoka mara moja tu kwa wiki, Jumapili saa tano usiku kwa saa za New York. Huku kwetu hiyo ni Jumatatu asubuhi watu wanagombania daladala. Mimi HBO sina, nategemea mada kuu wanazoziweka bure kwenye YouTube, hivyo kipindi cha usiku nakitazama wakati wa chakula cha mchana kazini.

Mada zenyewe ukizisikia kwa majina zinachosha. Dhamana za mahakamani. Wafugaji wa kuku wa mkataba. Biashara za mtandao, zile za kuambiwa leta watu wawili chini yako. Lakini anakaa nazo dakika ishirini na kitu, ana timu ya watafiti nyuma yake, na anakuonyesha hela inapita wapi na nani anaishika mwisho.

Ile ya mwaka 2016 kuhusu madeni ndiyo iliyonikamata. Kule Marekani deni lako la hospitali likishindikana kulipwa huuzwa kwa bei ya kutupa kwa kampuni nyingine, nayo huuza kwa nyingine, mpaka unapigiwa simu na mtu usiyemjua kwa deni ambalo pengine hata kisheria limeshapitwa na wakati. Oliver hakuishia kueleza. Walisajili kampuni yao wenyewe ya kukusanya madeni katika jimbo la Mississippi, kwa dola 50. Muda si mrefu wakauziwa orodha ya madeni ya matibabu ya karibu dola milioni 15, ya watu wapatao 9,000. Bei yake? Chini ya dola 60,000. Kwa hela hiyo walikabidhiwa majina, anwani na namba za utambulisho za watu wote hao. Wakaikabidhi kwa shirika linalofuta madeni, wote wakasamehewa.

Aliyewahi kuguswa na mikopo ya kausha damu ataelewa kwa nini nilikirudia. Kuna programu moja ya mikopo ya simu iliwahi kuwatumia meseji nusu ya watu walio kwenye simu ya jirani yangu, mpaka fundi wake wa bomba, kuwaambia kuwa ni tapeli. Sheria za Marekani si zetu, lakini biashara ya kumtia mtu aibu ili alipe ni ileile.

Jambo la pili ninalompa maksi ni uthubutu, ingawa hapa niseme wazi kuwa uthubutu una mlipaji. HBO inaishi kwa ada za watazamaji, haina matangazo ya biashara ya kumchunga, na AT&T, kampuni kubwa ya simu, ilipokuwa ndiyo mmiliki wa HBO, Oliver aliikejeli hadharani. Mwaka 2017 alimsema Bob Murray, tajiri wa makaa ya mawe, akashtakiwa. Mahakama ikaitupa kesi mwaka uliofuata, lakini mawakili walikuwa wameshameza zaidi ya dola 200,000. Baada ya mambo kuisha kabisa, 2019, akarudi na wimbo na wachezaji wa kumtukana upya mzee wa watu. Nilicheka, nikawaza: ni mchekeshaji gani wa huku mwenye bima ya namna hiyo? Idris Sultan mwaka 2020 aliishia mikononi mwa polisi baada ya video akiicheka picha ya zamani ya rais wa wakati ule, Magufuli. Wakenya angalau walipata The XYZ Show, ile ya vikaragosi vya viongozi, na aliyeianzisha, Gado, ni Mtanzania aliyekwenda kuchorea Nairobi.

Vipindi vyake vya uchaguzi nimeviacha. Kile cha Februari 2016 alichohangaika na jina la zamani la ukoo wa Trump, "Drumpf", kilisifiwa sana wakati ule, ila kumcheka mtu jina la babu yake kwetu ni utani wa shule ya msingi. Na Oliver ana upande wake, huhitaji kuambiwa ni upi. Ukitaka mizani sawa, hapa si mahali pake.

Kwa mtakaojaribu: anaongea haraka, washeni maandishi chini ya video. Bando likiwa dogo, shusheni ubora wa picha, maana muda mwingi amekaa mezani na unaweza kumsikiliza kama redio, japo utakosa utani wa picha zinazotokea pembeni yake.

Na msianze na siasa. Anzeni na ile ya tumbaku ya mwaka 2015, ndiyo inayotugusa Afrika moja kwa moja: Togo ilipofikiria kuondoa nembo kwenye pakiti za sigara, kampuni ya sigara ya Philip Morris International iliitishia kesi. Majibu ya Oliver yalikuwa kuwabunia nembo mpya, pafu gonjwa lenye kofia ya wachunga ng'ombe, jina lake Jeff, na fulana zake zikapelekwa Lomé.