Dawa ya kijani ya kuoshea grisi: uzoefu wangu na mashine ya boti, Lamu

Kusi limekaza, boti nimeipandisha pwani, na huu ndio wakati wangu wa kufungua mashine. Ni Yamaha Enduro ya nguvu za farasi 40, inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Ukisimama gatini Mokowe utaziona zimejipanga, hujui ipi ya nani. Oili ile ndiyo inayonipa kazi: kila unachofungua kimegandwa na weusi unaonata, na juu yake chumvi.

Kabla ya habari ya dawa, niseme kilichonifanya niitafute. Mwaka jana nilimpa fundi mmoja kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, anisafishie. Akaitia kwenye ndoo ya maji ya kostiki soda, ile wanayopikia sabuni, akaenda zake kusali adhuhuri. Tuliporudi ndoo ilikuwa ikichemka bila moto. Kabureta ilitoka haina hata tone la grisi, kweli, lakini imekuwa nyeusi, na pale inapokaa gasketi, ile ya kuziba isivuje, pameliwa vishimo vishimo kama jino bovu. Ikavuja petroli mpaka nikanunua nyingine. Fundi aliniambia, "Ami, ilikuwa imeshachoka." Haikuwa imechoka. Kabureta ni aluminiamu, na aluminiamu ina ngozi nyembamba inayoikinga. Kostiki huila ngozi hiyo kwanza, kisha hugeukia madini yenyewe, na yale mapovu ni hidrojeni, hewa inayoshika moto. Mama yeyote aliyechemshia maharagwe kwa magadi ndani ya sufuria anaijua rangi ile nyeusi.

Basi safari hii nikasema naosha mwenyewe. Dukani mjini kuna dawa ya kijani inayochotwa kwenye pipa. Unakwenda na chupa yako, unapimiwa lita kwa shilingi 200. Haina karatasi wala maelezo. Muuzaji alichojua ni kwamba inatoa grisi na kwamba unaitilia maji mara nne yake. Nikaikatia kipande cha mfuniko wa sufuria mbovu, nikakitumbukiza katika dawa isiyotiwa maji, nikanywa kahawa. Baada ya nusu saa hakukuwa na povu, kipande hakikubadilika rangi. Hapo ndipo nikaipeleka kwenye mashine.

Sikuanza nayo lakini. Uchafu mzito niliutoa kwa mafuta ya taa na brashi ya nywele, nje, kwenye upepo. Wengi huku huoshea petroli kwa sababu ndiyo iliyo karibu, na mimi nimefanya hivyo miaka. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini chini, na jiko la chai huwa halipo mbali. Mafuta ya taa nayo huwaka, ila si kwa haraka ile. Raba zote, oringi na gasketi, nilizitoa kwanza, maana hulowa zikavimba na hazirudi tena mahali pake.

Baada ya hapo ndipo dawa. Nilipaka, nikahesabu dakika tano, nikasugua, nikaosha. Kwa oili na grisi sina la kulalamika: kifuniko cha kichwa cha injini kilirudisha rangi yake ya fedha, na hata pembe ambazo kidole hakifiki zilitoka safi. Mikono yangu, nayo, ilikauka na kupasuka siku mbili. Vaeni glavu, msifanye ubishi kama mimi.

Masizi juu ya pistoni haikuyagusa. Niliipaka mara tatu, bure. Hayo niliyaloweka kwenye mafuta ya taa usiku kucha, asubuhi nikayakwangua kwa kijiti cha mkoko nilichokichonga bapa. Bisibisi ingenimalizia kazi upesi, na ingeniachia michirizi. Brashi ya waya wa chuma pia sikuileta karibu. Ya shaba, kidogo, sawa, lakini pale panapokaa gasketi hapana, wala msasa: unga wake ukiingia kwenye beringi utaisikia mashine ikilia mwezi ujao.

Maji ya kuoshea ndiyo niliyoyafikiria kuliko dawa. Nyumbani kisima chetu kina chumvi, na kuisafisha aluminiamu halafu ukaimalizia kwa maji ya chumvi ni kuialika ile kutu nyeupe irudi. Nilitumia ya mfereji, yale yanayotoka kwenye visima vya vilima vya mchanga vya Shela, nikayachemsha ili vyuma vipate moto na vikauke vyenyewe. Vijitundu vya kabureta nilivipulizia kwa pampu ya mpira wa miguu, ile yenye sindano. Watoto walikasirika. Mafuta machafu yote yamo kwenye jerikeni, hayakwenda baharini. Tunavua humo humo.

Nilikuwa nimeshaamua kuisifu bila sharti, mpaka wiki iliyopita. Jirani aliniomba nimuoshee kabureta yake, dawa ikawa imeisha, nikarudi na chupa ile ile kwenye pipa lile lile. Rangi niliiona imekolea kidogo, nikadhani ni macho. Nikakitia kile kipande cha mfuniko kama mara ya kwanza. Hata kikombe cha kahawa sijakiinua, povu likaanza kupanda.

Niliirudisha dukani na kipande changu ndani ya chupa, kikichemka. Muuzaji aliitazama muda mrefu. Akasema mtengenezaji amebadilisha mchanganyiko, watu walilalamika kwamba haina nguvu. Pesa alinirudishia bila maneno, kisha akaniuliza: "Na chooni, Ami, itafaa?"

Nikamwambia chooni itafaa sana.