TAHADHARI: Hadi diski (hard disk, kihifadhi data cha kompyuta) za spea za mashine za maabara zinazouzwa Mombasa kama mpya

Mafundi wenzangu, na nyote mnaosimamia maabara za vipimo hapa Mombasa na Pwani nzima, tafadhali someni hii kabla ya kutuma pesa.

Kuna muuzaji anayejitangaza kwenye makundi ya WhatsApp ya mafundi kwamba ana hadi diski za spea za mashine za kupimia: osiloskopu (ya kuonyesha umbo la mawimbi ya umeme), spektramu analaiza (ya kupima nguvu ya mawimbi kwa kila masafa), mashine za damu, za maji, za mafuta, chochote chenye kompyuta ndani yake. Anasema mzigo uko hapa hapa Mombasa, ni mpya, haujaguswa. Anazo za namna mbili. Moja ni tupu. Nyingine anaiita "tayari", yaani imeshawekwa programu ya mashine yako, wewe ni kuchomeka na kuwasha tu. Hiyo ya pili ndiyo yenye hatari kubwa, na kwa ajili yake nimeamua kuandika.

Karakana yetu iko Shimanzi. Tunapima na kutengeneza redio za vyombo vya baharini. Spektramu analaiza yetu ni ya zamani lakini nzima, inaendeshwa na Windows XP, na diski yake ni ile ya inchi 2.5 yenye mdomo wa IDE, kiunganishi cha zamani, wa pini 44. Imekaa ndani ya trei nyuma ya mashine, unalegeza skrubu mbili unaivuta. Mapema mwaka huu ikaanza kugonga, tk, tk, na kuwaka kukachukua dakika kumi. Kila fundi anaujua mlio ule. Na kila fundi anajua kwamba diski za IDE hazitengenezwi tena. Anayekwambia anayo mpya, ama ana stoo ya miaka mingi ama anakudanganya. Nilikuwa nalijua hilo. Lakini kazi zilikuwa zimerundikana, na chombo kikishapangiwa siku ya kutoka hakimsubiri fundi.

Nikampigia. Alikuwa mpole, "karibu bosi wangu", anajua majina ya modeli, anajua hata tofauti ya trei. Diski tupu shilingi 14,500, ya "tayari" 32,000. Nikachukua mbili tupu na moja tayari, jumla 61,000. Akasema ofisi yake iko ghorofani karibu na Mwembe Tayari lakini siku hiyo yuko Nyali kwa mteja, basi nitume pesa naye atamtuma kijana wa boda. Nilipoingiza nambari, jina lililotokea kwenye M-Pesa halikuwa lake. Akasema ni laini ya mkewe. Hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Sikusimama.

Diski zilifika baada ya saa moja, zimefungwa vizuri katika mifuko ya kuzuia umeme tuli, lebo safi, hata harufu ya upya. Tukachomeka ile ya "tayari". Mashine ikawaka, programu ikafunguka, mawimbi yakaonekana. Tukafurahi, tukarudi kazini. Wiki tatu hatukushuku kitu.

Kisha akaja nahodha wa mashua ya uvuvi kutoka Shimoni na redio yake ya VHF. Redio za baharini za kufungwa chomboni hutoa wati 25 kwa nguvu kamili. Yake ilisoma kama wati 16. Tukamwambia sehemu ya kutoa nguvu imechoka, inunuliwe nyingine. Akanunua. Tukaifunga, tukapima tena: wati 16. Sehemu mbili tofauti, moja kuukuu na moja mpya, kuchoka kwa kiasi kile kile? Haiwezekani. Nikachukua mita ya nguvu ya kawaida, nikaifunga moja kwa moja. Wati 25 kamili. Redio ya yule mzee haikuwa na kasoro tangu mwanzo.

Tulipoweka ishara ya kipimo kinachojulikana, tukaona analaiza inasoma chini kwa desibeli 2 kwenye masafa ya megahezi 156, na kwingineko inakosea kwa kiasi kingine. Desibeli 2 ni jambo dogo kwa maneno, lakini ndizo zinazoifanya wati 25 ionekane 16. Nikafungua ukurasa wa taarifa za mashine. Nambari ya siriali kwenye kioo haikuwa ile iliyochongwa nyuma ya kasha. Mashine yetu ilikuwa inajitambulisha kwa jina la mashine nyingine.

Wenye maabara msio mafundi, sehemu hii ni yenu. Hakuna mashine mbili za kupimia zinazofanana kabisa, hata zikitoka kiwandani siku moja. Kila moja hupimwa, makosa yake madogo huandikwa, na mashine huyatumia maandishi hayo kujisahihisha kila inaposoma. Baadhi ya mashine huhifadhi maandishi hayo kwenye chipu ya ubao wake. Nyingine huyahifadhi kwenye hadi diski. Ukichukua diski iliyonakiliwa kutoka kwa mwenzake wa modeli ile ile, mashine itawaka bila malalamiko na itakusahihishia makosa ya mwenzake. Haikupi onyo lolote. Ni sawa na kuvaa miwani ya mtu mwingine: unaona, lakini huoni sawa.

Ndiyo maana nasema diski ya "tayari" ni mbaya kuliko iliyokufa. Iliyokufa inakusimamisha kazi. Hii inakuacha uendelee, usaini vyeti, uwaambie watu uongo bila kujua. Sisi tulikuwa tumeshapima redio kumi na moja kwa diski ile. Tumewapigia wenyewe wote, tumezipima upya kwa gharama yetu, na nahodha wa Shimoni tumemrudishia pesa ya spea yake. Alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilikuja kwako kwa sababu wewe ndiye unayejua." Maneno yale yamenikaa.

Baada ya hapo ndipo nikazikagua zile mbili tupu, kazi niliyopaswa kuifanya siku ya kwanza. Nilizichomeka kwenye laptopu kwa adapta ya USB, nikasoma ile rekodi ya afya ya diski inayoitwa SMART. Saa za kazi: 3. Lakini mstari wa idadi ya mara ambazo vichwa vya kusomea diski vimeegeshwa na kurudishwa kazini ulisoma zaidi ya 400,000. Diski ya saa tatu haiwezi kufanya hivyo. Mwaka mmoja mzima ni saa 8,760, na diski hizi zimefanya kazi miaka. Aliyefuta saa alisahau mistari mingine. Siriali inayosomwa na kompyuta pia haikulingana na ya kwenye lebo, wala kwa moja. Nilipoiinua lebo kwa ukucha, chini yake kulikuwa na gundi ya lebo ya zamani, na pini zilikuwa na mikwaruzo ya kuchomekwa na kuchomolewa.

Mchezo huu wa kurudisha saa nyuma si wa hapa peke yake. Mapema mwaka 2025 ilibainika Ujerumani kwamba diski za Seagate zilizotumika maelfu ya saa zilikuwa zinauzwa kama mpya, SMART yake imesafishwa. Zilishikwa kwa sababu diski hizo zina rekodi nyingine ya ndani, FARM, ambayo wadanganyifu hawakuigusa. Kwa hiyo msiamini saa peke yake. Saa ndiyo ya kwanza kufutwa.

Nina jambo jingine, na hili linauma zaidi ya pesa. Moja ya zile diski mbili za "tupu" haikuwa tupu. Programu ya kurejesha faili ilipomaliza, nikaona majina ya watu, umri wao, na matokeo ya vipimo vya damu. Nikaifunga hapo hapo. Mashine ya maabara ya hospitali fulani iliuzwa au ilitupwa na diski ikiwa ndani, na siri za wagonjwa sasa zinazunguka mjini kama mtumba. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na jukumu la kuzilinda ni la aliyezikusanya. Ukiuza mashine kuukuu, itoe diski kwanza. Ifute yote kwa kuandikiwa juu, au itoboe kwa drili. Kubonyeza "futa" hakutoshi.

Nilimpigia muuzaji. Mara ya kwanza alisema mashine yangu ndiyo iliyoharibu diski. Ya pili akasema nimngojee mpaka Jumatatu. Ya tatu nambari haikupatikana, na picha yake ya WhatsApp imetoweka kwangu ingawa wenzangu wanaiona. Nilikwenda Mwembe Tayari kwenye jengo alilonitajia. Bawabu na wenye maduka ya chini hawamjui. Wiki hiyo hiyo tangazo lile lile lilitokea kwenye kundi jingine kwa jina jingine, picha ni zile zile, hata kitambaa cha meza kilichowekwa diski ni kile kile cha maua mekundu. Mtazameni kitambaa hicho.

Sasa, mtu anahitaji spea kweli, afanyeje? Usilipe kabla ya kupima. Muuzaji wa haki atakubali mkutane dukani kwake, uchomeke diski kwenye laptopu mbele yake, usome SMART yote na si mstari mmoja, ulinganishe siriali ya kwenye kompyuta na ya lebo, kisha uisome diski yote tangu mwanzo hadi mwisho. Diski ya GB 40 kwa adapta ya USB inachukua kama nusu saa. Kunywa chai ungoje. Akisema ana haraka, ondoka. Lipa kwa Till ya biashara yenye jina la duka, na upewe risiti yenye siriali. Mtu akikuuzia diski kama mtumba, kwa bei ya mtumba, na akakwambia imetumika saa 20,000, huyo hajakudanganya, na huenda ikakufaa kwa muda.

Na diski ya "tayari" usinunue kwa mtu yeyote. Itengeneze mwenyewe kutoka kwa diski ya mashine yako, leo, ikiwa bado nzima. Zima mashine kabisa, usichomoe trei ikiwa inawaka. Nakili diski yote, sekta kwa sekta, yaani kila kipande chake hata kisicho na faili; programu ya Clonezilla inatosha kwa diski nzima, na kwa iliyoanza kugonga tumia programu ya ddrescue, ambayo huchukua kwanza palipo salama kisha ndiyo ihangaike na palipooza. Mashine nyingi za IDE hufanya kazi na SSD (diski ya chipu, isiyo na kinachozunguka ndani) kupitia adapta ndogo, lakini jaribu kwanza, na kumbuka XP ya mwanzo, kabla ya Service Pack 1, haioni zaidi ya GB 137. Nakala ikikamilika, iingize kwenye mashine, iwashe, pima kitu unachokijua. Kisha iandike siriali ya mashine juu yake kwa kalamu isiyofutika, maana maabara yenye analaiza mbili za modeli moja inaweza kujifanyia yenyewe lile alilotufanyia tapeli.

Wenye trei mbili au tatu kwa mashine moja, hasa wanaoiacha diski ya kazi nyumbani na kupeleka mashine kwenye kalibresheni (kupimwa na kusahihishwa upya) na diski nyingine isiyo na kazi za wateja ili siri zao zisitoke: mashine ikirudi, marekebisho mapya yako kwenye diski iliyokwenda nayo. Ile iliyobaki kabatini bado ina ya mwaka jana. Zihamishe faili za kalibresheni kwenye kila diski, na uandike tarehe kwenye trei zote. Nimeona watu wazoefu wakilisahau hili.

Uhifadhi nao, kwa hewa yetu ya chumvi. Mfuko wa kuzuia umeme tuli, boksi linaloziba, vipakiti vya kunyonya unyevu, mbali na dirisha. SSD iliyokwisha tumika sana isikae kabatini miaka bila umeme: kiwango cha JEDEC, shirika la viwango vya chipu, cha muda wa kutunza data bila umeme kwa SSD za kawaida zilizofika mwisho wa umri wake ni mwaka mmoja kwa joto la nyuzi 30, na nyuzi 30 hapa ni siku ya kawaida. Sisi sasa tunaziwasha kila baada ya miezi mitatu na kuandika kwenye daftari.

Kama umeshainunua na iko ndani ya mashine yako sasa hivi, isimamishe mashine na uiwekee kibandiko kwamba haitumiki. ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za vipimo, inalitaka hilo kwa kifaa chochote kinachotiliwa shaka, na inataka pia uangalie nyuma matokeo yaliyoguswa. Usiifute diski wala usiirudishe kwake, ni ushahidi. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa, picha za tangazo na mazungumzo. Nambari ya tapeli inaweza kuripotiwa Safaricom kwa kutuma ujumbe kwenda 333.

Mimi nimeandikisha taarifa polisi na diski zangu tatu zimefungwa na kutiwa sahihi. Anayeshuku ameuziwa na mtu huyu, alete picha mbili: ya lebo, na ya kioo kinachoonyesha siriali ya ndani. Lebo zangu mbili kati ya tatu zina nambari moja ile ile. Zikitokea nyingine zenye nambari hiyo, tutaziunganisha kwenye taarifa moja.