Fundi TV wa Kariakoo aliyetumia masikio ya mtoto, nampa nyota 4

Wakuu, TV yangu ya inchi 32 ilianza kulia kiiiii, kasauti kembamba kama mbu, na cha ajabu mi nilikuwa sikasikii kabisa, anayekasikia ni dogo wangu wa miaka 9, kila jioni anaziba masikio namwambia acha deko. Mpaka siku binti mmoja wa chuo, mpangaji mwenzangu, akaingia sebuleni akauliza hiyo TV inalia nini, ndo nikajua kumbe kiziwi ni mimi.

Fundi wa kwanza wa huku mtaani hata skrubu hakugusa, akasema bodi imekufa lete 90,000. Nikabeba TV na dogo mpaka Kariakoo, vichochoro vya jirani na mtaa wa Aggrey, kwa mzee mmoja mwenye kibanda ghorofani. Na yeye akakiri hasikii kitu, anasema mtoto anasikia mpaka karibu hezi 20,000 (yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde) ila umri ukienda sauti nyembamba za juu ndo zinatangulia kuondoka. Basi dogo akapewa stuli akae pembeni awe kipimo.

Mzee akafungua mfuniko, akawasha, akachukua kijiti kikavu cha mshikaki akawa anakandamiza kimoja kimoja kwenye bodi ya pawa, koili, kapasita (vile vikopo vinavyotunza umeme), hapa vipi? hapa je? Alipofika kwenye transfoma dogo akaruka "imepungua!" Mi nikajua ndo hiyo tunabadilisha, mzee akasema tulia, transfoma inapiga kelele lakini sio lazima yenyewe ndo mgonjwa. Akanionyesha kapasita mbili za upande wa kutolea umeme zimevimba kichwani, zikichoka zile umeme unayumba na transfoma inatetemeka mpaka inatoa sauti. Akachomoa waya, na kabla ya kushika chochote akamaliza umeme wa ile kapasita kubwa kwa balbu, maana hii 230 yetu ikishageuzwa inalala mule kama volti 325 hata TV ikiwa imechomolewa, kwa hiyo wale wa kujifunza YouTube mwacheni fundi afungue.

Kapasita mpya zikaingia, TV ikiwa imewaka ni kimya, ila ukiizima kwa rimoti tu dogo anasema bado ipo kwa mbali. Hapo ndo nilimkubali mzee, angeweza kuniambia mtoto anazusha. Akasema ikiwa standibai inakula umeme kidogo mno so saplai, yaani ile bodi ya pawa, inafanya kazi kwa kukatakata, inajiwasha inajizima, na huko kukatakata ndo kunashuka mpaka kwenye sauti za kusikika. Kapasita haitibu hiyo. Akaipaka transfoma vanishi ile ya wasuka mota, nyaya zishikane zisicheze, ikabidi ilale kwake ikauke.

Nililipa 25,000 yote kwa yote. Nyota moja nimeikata kwa sababu aliniahidi masaa mawili, hiyo jumamosi, nikaipata jumatatu jioni baada ya kumpigia simu mara nne, risiti hana, na waranti ni ya mdomo, mwezi mmoja. Wiki ya tano hii dogo hajaziba masikio. Ila skrubu za mfuniko zilienda saba zimerudi sita, nimezihesabu.