Rolling Stones: Ukiwa na Fedha ya Albamu Moja, Nunua Ipi?

Bendi iliyopanda jukwaani mara ya kwanza Julai 1962, klabu ya Marquee jijini London, halafu Oktoba 2023 ikatoa albamu nyingine mpya, lazima iwe imeacha mzigo mkubwa madukani. Ndani ya mzigo wa Rolling Stones mna dhahabu, mna vitu vya kawaida, na mna makapi yaliyofungwa vizuri. Mbaya zaidi, sehemu kubwa ya unachokiona rafuni ni nyimbo zilezile zilizopakiwa upya kwa jina jingine. Mgeni asiye na mwenyeji anaweza kununua mara tatu akajikuta ana wimbo wao maarufu Satisfaction mara tatu, na hana hata albamu moja kamili ya bendi yenyewe.

Kipimo changu ni kimoja. Kabla hujavutiwa na jalada, uliza nani alikuwa anapiga gitaa pembeni ya Keith Richards. Mick Jagger anaimba toka mwanzo hadi leo, na Charlie Watts alikaa kwenye ngoma toka Januari 1963 mpaka alipofariki Agosti 2021, lakini nafasi ya gitaa la pili imeshikwa na watu watatu. Brian Jones, mwanzilishi, hadi 1969. Mick Taylor, kijana wa solo tamu, 1969 hadi 1974. Ron Wood, tangu 1975. Kila mmoja aligeuza sauti ya bendi nzima. Aliyelelewa na dansi, anayejua kutenga solo na rhythm zinapojibizana, atalishika jambo hili upesi kuliko mashabiki wengi wa roki.

1. Sticky Fingers (1971)

Ukiwa na fedha ya moja tu, ni hii. Nyimbo kumi, hakuna ya kurusha. Hapa Taylor ameshazoea, Richards anapiga gitaa lake la nyuzi tano alilolitega kwa namna yake, na bendi imeacha kuiga weusi wa Marekani kwa mbali. Desemba 1969 walikwenda wenyewe Muscle Shoals, Alabama, wakarekodi Brown Sugar, Wild Horses na You Gotta Move kwa siku tatu.

Lakini mimi ningekuuzia albamu hii kwa wimbo mmoja, Can't You Hear Me Knocking. Dakika tatu za kwanza ni roki ya kawaida: gitaa linakwaruza, Jagger anabisha hodi kwa kelele. Kisha sauti ya kuimba inakatika, na badala ya wimbo kuisha zinaingia tumba. Anayezipiga ni Rocky Dijon, mzaliwa wa Ghana. Bobby Keys anaingia na saksafoni, halafu Taylor anaanza solo, polepole, kama mtu asiye na haraka ya kurudi nyumbani. Hawakuwa wamepanga, walikuwa wanaendelea kupiga tu na mkanda ulikuwa unazunguka. Sisi tungesema wameingia kwenye sebene. Msikilizishe mzee yeyote aliyecheza dansi miaka ya 1970 bila kumwambia ni nani, umwangalie mabega.

Jalada ni wazo la msanii Andy Warhol: suruali ya jinzi yenye zipu ya kweli, unaifungua. Zipu hiyo ilileta balaa. Santuri zilipopangwa moja juu ya nyingine wakati wa kusafirishwa, chuma kilibonyea kwenye santuri ya jirani na kuharibu mifereji. Dawa iliyopatikana ni kuishusha zipu kabla ya kupakia, ili ikibonyeza, ibonyeze karatasi ya katikati isiyo na muziki. Kwa hiyo ukikuta nakala ya zamani yenye zipu, usilipe kabla hujaitoa santuri na kuitazama upande kwa upande. Zipu nzima na santuri yenye kovu ni pambo la ukutani, na lipiwe bei ya pambo.

2. Let It Bleed (1969)

Hii ni albamu ya kiti kitupu. Jones alikuwa anatoka, Taylor anaingia. Kila mmoja anasikika kwenye nyimbo mbili tu. Magitaa karibu yote mengine amepiga Richards peke yake, tabaka juu ya tabaka, na sijui kama aliwahi kupiga vizuri kuliko hapo.

Wimbo wa kwanza, Gimme Shelter, ndio kipimo cha spika zako. Sauti ya kike ni ya Merry Clayton, aliyepigiwa simu usiku Los Angeles, mjamzito, akaja studio kumjibu Jagger. Karibu na dakika ya tatu anapanda juu na sauti yake inapasuka; anapanda tena, inapasuka tena. Kwa nyuma, mbali kidogo na maikrofoni, utasikia mtu anashangilia. Ukiipiga kwenye spika ya simu hutapata kitu hicho, na hiyo ni hoja yangu moja ya kutumia fedha kwenye nakala halisi.

Wimbo wa kufunga albamu una kwaya ya Bach ya London, Rocky Dijon tena kwenye tumba, na ngoma zikipigwa na Jimmy Miller, mtayarishaji wao, kwa sababu mdundo huo ulimsumbua Watts. Keki iliyo kwenye jalada iliokwa na Delia Smith, wakati huo hajulikani, baadaye mpishi mkubwa wa televisheni Uingereza. Hilo halikuongezei ladha ya muziki, ila ni vizuri kulijua.

3. Some Girls (1978)

Watu wengi huiweka chini zaidi. Mimi naipandisha kwa sababu ndiyo rahisi kuliko zote kuipenda siku ya kwanza. Walirekodi Paris, vijana wa punk, ile roki ya fujo, wakiwazomea kwamba ni wazee, disko ikiwa imejaa kumbi. Wakajibu pande zote mbili kwa mkupuo. Miss You ina besi ya Bill Wyman inayotembea kama ya disko halisi, na harmonika ya Sugar Blue, Mmarekani aliyekuwa akipigia wapita njia Paris. Ni albamu ya kwanza ambayo Wood yumo mwanzo mpaka mwisho kama mwanabendi, na yeye na Richards hawagawani kazi za solo na rhythm. Wanapokezana katikati ya mstari hadi hujui nani ni nani.

Nakala za mwanzo zina nyuso za wanawake maarufu wa Hollywood kwenye jalada. Baadhi yao walikuja juu, likabadilishwa. Muziki ni uleule, kwa hiyo lipa zaidi kama wewe ni mkusanyaji, la sivyo achana nalo.

4. Exile on Main St. (1972)

Hapa najua nitarushiwa mawe. Wajuzi wengi huiita kilele chao, na nikiwa peke yangu usiku naweza kukubaliana nao. Lakini huu ni mwongozo wa mnunuzi. Ni santuri mbili, nyimbo 18, na sauti imechanganywa hivi kwamba Jagger mara nyingi amezama chini ya magitaa na tarumbeta. Ukianza na hii kuna uwezekano mkubwa wa kuiweka kando baada ya upande wa kwanza na kusema bendi hii inasifiwa bure.

Ukifika kwake kupitia zile tatu za juu, ni habari nyingine. Kodi ya Uingereza iliwafukuza nchini mwaka 1971, Richards akapanga jumba la Nellcôte huko Villefranche-sur-Mer, kusini mwa Ufaransa. Gari lao la kurekodia liliegeshwa nje na bendi ikashuka kwenye chumba cha chini ya nyumba, chenye joto na unyevu uliofanya magitaa yapoteze mlio kila mara. Kazi ilimaliziwa Los Angeles. Ule uzito wa hewa unausikia mpaka leo. Tumbling Dice, ukiielewa, utakuwa umeielewa bendi.

Kwa anayeagiza kutoka nje: santuri mbili ni uzito mara mbili, na nauli nayo hupanda.

5. Beggars Banquet (1968)

Inaanza na Sympathy for the Devil, ambayo kwa kweli ni samba iliyovaa nguo za kuogofya. Tumba ni za Dijon. Jones, akiwa tayari anazama, anateleza chuma juu ya nyuzi kwenye No Expectations kwa utulivu unaoumiza.

Zingatia kitu kimoja. Kwa zaidi ya miaka 30 albamu hii iliuzwa ikiwa inakwenda polepole kidogo kuliko ilivyorekodiwa, kosa la uhamishaji wa mkanda. Toleo la 2002 ndilo lililoirudishia mwendo wake. Chukua la 2002 au la baadaye, isipokuwa umeizoea ile ya zamani na moyo wako hautaki marekebisho.

Zinazofuata

Tattoo You (1981) ndiyo nunuo bora kwa mwenye mfuko mwembamba. Imeunganishwa zaidi kwa vipande vilivyobaki studio miaka ya 1970, fundi wao Chris Kimsey akichimbua mikanda ya zamani, na huwezi kugundua. Upande mmoja ni wa kasi, mwingine wa taratibu, na mwishoni yumo Sonny Rollins na saksafoni yake. Marekani ilikaa kileleni wiki tisa. Nakala zilizotumika ziko tele na bei haipaswi kukutisha.

Aftermath (1966) ni ya kumjua Brian Jones alipokuwa mzima: marimba, dulsima, chochote alichokiokota studio akakipiga. Ziko mbili. Ya Uingereza ina nyimbo 14, ya Marekani 11 lakini imeongezewa Paint It Black na sitari yake. Nunua ya Uingereza, na Paint It Black utaipata kwenye mkusanyiko.

Za uzeeni, Hackney Diamonds (2023) ndiyo iliyotangazwa sana. Ina Watts kwenye nyimbo mbili, Wyman amerudi kwa wimbo mmoja, wageni ni Paul McCartney, Elton John, Stevie Wonder na Lady Gaga, na ilichukua Grammy ya albamu bora ya roki mwaka 2025. Ni nzuri, ila imepakwa rangi nyingi. Mimi ningetoa fedha yangu kwa Blue & Lonesome (2016), nyimbo 12 za blues za watu wengine zilizorekodiwa kwa siku tatu, Jagger akipuliza harmonika kama mtu aliyekumbuka kilichomtoa kwao.

Dirty Work (1986) usiinunue hata ikiwa ya kutupa. Jagger na Richards walikuwa hawasemezani, na inasikika.

Toleo lipi?

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Muziki wa bendi hii una wenye wawili. Uliotolewa hadi 1970 uko mikononi mwa ABKCO, kampuni ya meneja wao wa zamani Allen Klein. Wa kuanzia 1971 ni wa bendi wenyewe. Ndiyo maana mikusanyiko mingi ni nusu. Hot Rocks, ya 1971, inaishia na nyimbo mbili za Sticky Fingers. Honk, ya 2019, haina kitu kabla ya 1971. Uliza kwanza nusu ipi unauziwa.

Kwa CD, za ABKCO za 2002 ni salama kabisa, zimesafishwa na fundi wa sauti Bob Ludwig. Za kuanzia 1971, tafuta zilizotoka kampuni ya Virgin mwaka 1994, kazi ya huyohuyo Ludwig. Za 2009 zipo kila mahali, lakini sauti imesukumwa juu mno. Kila chombo kinapiga kelele na sikio linachoka. Kwa santuri mpya, zile zilizokatwa studio ya Abbey Road kwa nusu mwendo, yaani mashine ikichonga mifereji polepole, na kutolewa 2020 ni nzuri, na hazina mikwaruzo ya watu.

Ukinunua zilizotumika, iwe kwenye vibanda vya santuri vya Kenyatta Market pale Nairobi au kwa kumtuma ndugu aliye London apitie maduka ya misaada, ukaguzi ni uleule. Inamishe chini ya taa. Tazama tundu la katikati: vijistari vingi vinavyolizunguka maana yake imewekwa kwenye mashine mara nyingi na mtu asiye na subira. Ilaze na uichungulie kwa ubavu uone kama imepinda. Nusa jalada, ukungu ukishaingia kwenye karatasi unahamia kwa majirani zake rafuni. Kama unaagiza kwa posta, piga hesabu ya nauli na ushuru kabla hujafurahia bei, maana mara nyingi vinaizidi santuri yenyewe.

Na kama ni zawadi, humjui masikio yake, mnunulie Forty Licks ya 2002: CD mbili, nyimbo 40, mkusanyiko wa kwanza kuunganisha nusu zote mbili. Nne kati ya hizo zilikuwa mpya wakati huo, na hazikuwa na ulazima. Mwekee na risiti.